Hewa ya Pili

P0410. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea kuchanganua vitenzi, herufi hiyo moja na tarakimu zake nne hazikosi kumkumbusha darasa la mofolojia. Kila kipashio kina kazi yake. Herufi P huashiria kwamba hitilafu imo katika injini au gia, si katika breki wala taa. Sifuri inayoifuata hueleza kuwa msimbo huu ni wa watengenezaji wote wa magari, si wa kampuni moja pekee. Nne hutupeleka kwenye kundi la mitambo ya kupunguza sumu ya moshi. Kumi hukamilisha maana: mtambo wa kupuliza hewa ya pili una kasoro. Marekani ililazimisha misimbo ya namna hii katika magari madogo kuanzia yale ya mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa magari mapya ya petroli kufikia mwaka 2001. Tangu hapo, ile taa ya manjano yenye umbo la injini huzungumza lugha moja Nairobi, London na Los Angeles.

Lakini ni lugha yenye kauli moja tu, nayo ni kauli ya kutendeka. Sisi tunaosoma sarufi tunaijua vyema tofauti baina ya "kikombe kimevunjwa" na "kikombe kimevunjika". Sentensi ya kwanza huruhusu mtenda aongezwe: kimevunjwa na Juma. Ya pili haimtaki mtenda kabisa. Hutaja hali na kunyamaza. Hivyo ndivyo msimbo unavyosema. Hewa haikupulizika ipasavyo. Nani aliyeizuia? Msimbo hausemi, na ulivyoundwa hauwezi kusema. Aghalabu fundi mwenye haraka humwongezea mtenda kwa kukisia, akasema "na pampu", kisha akapeleka hesabu kwa mwenye gari.

Mambo haya sikuyapata maktabani. Niliyapata katika gereji ya mjomba wangu, hatua chache kutoka Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, mtaa ambao wakongwe wangali wanauita Grogan na ambako vipuri vya kila aina ya gari hupatikana, vipya kwa vikuukuu. Kila likizo ndefu mimi humsaidia kazi, naye hunisaidia karo. Mjomba alizaliwa Mombasa na hajawahi kuiacha lugha ya kwao, japo ameishi Nairobi miaka thelathini. Wenziwe gerejini waliniita Profesa tangu siku niliyowauliza kwa nini kihisi wanakiita sensa, ilhali sensa ni hesabu ya watu. Mmoja wao alinijibu kwamba hata hiyo huhesabu, ila inahesabu oksijeni. Sikupata la kuongeza.

Gari ninalolikusudia lilikuwa la michezo, la viti viwili, lililotengenezwa Ujerumani mwaka 2001 na kuletwa nchini baada ya kutumika Uingereza. Chapa yake haina haja kutajwa. Injini ilikuwa ya silinda sita zilizolazwa, tatu kushoto na tatu kulia, na ilifichwa nyuma ya viti, hivi kwamba anayefungua boneti ya mbele hukuta nafasi ya kutia mikoba tu. Mwenyewe ni wakili, mtu wa makamo asiyependa maneno mengi nje ya mahakama. Alilipenda gari lile kwa namna ambayo wengine hupenda farasi. Lilikuja kwetu mwezi wa Julai, taa ya manjano ikiwaka, pamoja na bahasha ya risiti. Gereji nyingine ilikuwa imekwisha kumuuzia pampu mbili za hewa. Ya kwanza ilikufa. Ya pili ilikuwa na umri wa miezi mitatu. Fedha alizokuwa amelipa zingetosha karo yangu ya muhula mzima, na hilo nalisema si kwa kijicho bali kwa kuwa nilikuwa nikipiga hesabu hiyo kila uchao.

Yafaa kwanza nieleze mtambo wenyewe, maana jina lake la Kiingereza ni refu na halimfaidi asiyeujua. Injini iliyolala usiku kucha hufanana na mtu aliyeamshwa alfajiri ya baridi: hutaka mlo mzito kabla ya kazi. Petroli haigeuki mvuke vizuri ndani ya chuma baridi, kwa hiyo kompyuta ya gari huiongeza kupita kiasi cha hewa iliyopo. (Anayependa kusema tarakilishi au ngamizi na aseme, gerejini ni kompyuta, na mjadala ule uliisha zamani.) Petroli ya ziada haiungui yote. Sehemu yake hutoka kupitia ekzosi ikiwa mbichi, ikiandamana na kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoua walalao karibu na injini inayonguruma ndani ya chumba kilichofungwa. Njiani kuna katalitiki, chombo chenye chembe za madini kama vile platinamu, ambacho kazi yake ni kuivunja sumu hiyo. Hata hivyo, katalitiki nayo haiamki mpaka ipate joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi za Selsiasi. Katika dakika ya kwanza, basi, moshi ni mchafu kabisa na msafishaji wake yungali usingizini.

Hapo ndipo pampu inapoingia. Huvuta hewa safi kutoka nje na kuipuliza katika mianzo ya ekzosi, nyuma tu ya vali za kutolea moshi, mahali ambapo gesi bado ni moto mkali. Petroli mbichi hukutana na oksijeni, ikawaka pale pale. Faida ni mbili: sumu hupungua, na joto la moto huo huiamsha katalitiki mapema. Baada ya dakika moja au mbili pampu hunyamaza, na haiitwi tena mpaka injini ipoe. Hewa ya kwanza ni ile inayopita katika chujio na kuingia silinda. Hii ni ya pili kwa sababu hupitia mlango mwingine, si kwa kuwa ni hewa ya daraja la chini kama alivyodhani mwanafunzi mwenzangu mmoja.

Na mlango ndio kiini cha kisa hiki. Baina ya pampu na ekzosi kuna vali ya njia moja. Huruhusu hewa iende, hairuhusu moshi urudi. Vali hiyo hufunguliwa kwa ombwe litokanalo na injini yenyewe inapovuta pumzi, ambalo hupita katika kijibomba chembamba cha plastiki na kuamrishwa na vali nyingine ndogo ya umeme. Neno "ombwe" nilikuwa nimelikuta magazetini tu, kila mara likifuatwa na "la uongozi". Kulisikia kinywani mwa fundi, likiwa na maana yake kamili ya kisayansi, na likishikika kwa kidole, kulinifurahisha kuliko mhadhara wowote wa istilahi niliowahi kuhudhuria.

Msomaji atauliza, na wakili aliuliza: kuna haja gani? Gari linakwenda. Linawaka vizuri, halipotezi nguvu, halili petroli kuliko kawaida. Nchini mwetu katalitiki yenyewe ilikuwa pambo kwa miaka mingi, kwa sababu risasi iliyotiwa katika petroli huzifunika zile chembe za madini na kuziua. Ilikuwa baada ya Azimio la Dakar la mwaka 2001 ambapo nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliazimia kuiondoa, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 petroli ya aina hiyo ilikuwa imetoweka vituoni. Wapo wanaoendelea kufikiri kama kwamba mwaka huo haujafika. Humwambia mwenye gari kwamba mtambo huu ni anasa ya Wazungu, wakaufuta msimbo kila mwezi, au wakaifundisha kompyuta isiulizie hewa ya pili kamwe.

Mjomba hakubaliani nao, na sababu yake ya kwanza haihusu moshi. Taa ni moja kwa maradhi yote. Mtu akizoea kuiona ikiwaka kwa ajili ya hewa, siku ambayo itawaka kwa ajili ya silinda isiyochoma hatajua. Mficha maradhi, alisema, kifo humuumbua, na taa iliyozoeleka ni maradhi yaliyofichwa mbele ya macho. Sababu ya pili alimpa wakili kwa swali: "Gari hulala wapi, Wakili?" Lililala katika gereji ya chini ya nyumba yake, dirisha la chumba cha watoto likiwa juu. Wakili alitia saini karatasi ya kazi.

Ugumu wa kuchunguza mtambo huu ni kwamba unakupa fursa moja kwa siku. Injini ikishapata joto, kompyuta haiiti pampu. Ukikosea kusikiliza, ngoja kesho. Kwa hiyo tulifika saa kumi na mbili unusu asubuhi, kabla ya mtu yeyote kuligusa gari, katika baridi ya Julai ambayo Nairobi hutushangaza nayo kila mwaka kana kwamba hatuijui. Mashine ya kusoma misimbo ilichomekwa chini ya usukani. Kazi yangu ilikuwa kutazama volti za kihisi cha oksijeni: moshi ukiwa na petroli nyingi, kihisi hutoa karibu volti 0.9, hewa ikizidi, hushuka hadi karibu 0.1. Kihisi kikishapata joto, na pampu ikiwa inapuliza vyema, namba hiyo sharti ianguke.

Haikuanguka. Ilichezacheza kwenye 0.7. Pampu ilikuwa ikizunguka, lakini badala ya ule mvumo mwororo kama wa mashine ya kufyonzea vumbi, ilikoroma. Mjomba alikuwa ameunganisha mita ya umeme mapema, nayo ilionyesha zaidi ya volti 12 zikiifikia pampu. Kwa hilo peke yake rilei, fyuzi na nyaya ziliachiliwa huru. Gereji ya awali ingeishia hapo: pampu inakoroma, basi pampu ni mbovu. Na kwa hakika ilikuwa mbovu. Tulipoifungua ilitoa maji ya kutu yanayoweza kujaza kijiko.

"Pampu ya hewa imeyatoa wapi maji?" Mjomba aliniuliza, akanipa mpira mnene uliokuwa ukiiunganisha na vali. "Tia kidole humo, mwanangu."

Kidole kilitoka cheusi. Masizi. Upande ule wa vali hupita hewa safi ya mtaani tu. Masizi hayana njia ya kufika huko ila moshi uwe umerudi nyuma. Na moshi wa petroli umejaa mvuke wa maji, ambao ukifika katika pampu baridi hugeuka matone, matone yakazaa kutu, kutu ikakamata mhimili. Tuliitoa vali, Mjomba akavisha kipande cha mpira upande wake wa ekzosi, akapuliza. Hewa ilipita bila kizuizi, ikatokea upande wa pili ambako haikupasa kutokea. Vali ilikuwa imeganda nusu wazi kwa ukoko wa kaboni. Pampu zote mbili zilikuwa zimeuawa na mlango usiofungika, na pampu ya tatu ingekufa vivyo hivyo.

Kumweleza wakili lilikuwa jambo jingine. Alikuja adhuhuri, akaiona pampu mezani, uso ukakunjamana.

"Fundi, unaniambia ninunue pampu ya tatu?"

"Ya tatu na vali, Wakili. Ama uache vali, na mwezi wa Oktoba uje kununua ya nne."

"Waliotangulia hawakutaja vali yoyote."

Mjomba hakuwasema vibaya waliotangulia. Hiyo ni miiko yake. Alimpa mpira. Wakili aliutazama, akautia kidole chake safi, akakitazama tena kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nadhani alichokiona hapo ni kile ambacho kazi yake imemfundisha kukitafuta: si ushuhuda wa mtu, bali kitu kilichokutwa mahali kisipostahili kuwapo. Alikubali kulipia vipuri. Kuhusu malipo ya ufundi, Mjomba alitamka neno ambalo lilinifanya niinamishe kichwa. Alisema hatachukua hata ndururu mpaka Oktoba, na kwamba taa ikirudi kabla ya hapo, hatachukua kabisa. Ufundi huo ndio uliokuwa karo yangu.

Vipuri vilifika baada ya siku tisa. Asubuhi ya jaribio wakili alikuja mwenyewe, akasimama nyuma yetu na koti lake la mahakamani, mikono mifukoni. Injini ikawaka. Pampu mpya ilivuma vizuri sana. Hata wauza chai waligeuka kutazama. Nikaikazia macho namba. 0.7. Dakika ikapita. 0.7. Pampu ikanyamaza, na hakuna mtu aliyesema neno. Nilimsikia wakili akivuta pumzi kama mtu anayejizuia.

Mjomba peke yake hakubadilika. Alijipangusa mikono akasema, kana kwamba habari zilikuwa njema: "Mlango huu mpya unafunga barabara. Sasa tutajua kama kuna anayeufungua."

Nilihitaji muda kuielewa hoja hiyo, na nikiieleza leo bado naiona kuwa ndiyo sehemu nzuri kuliko zote za kazi ile. Mlango uliokwama nusu wazi hauhitaji bawabu. Bawabu anaweza kufa, na watu wakaendelea kupita. Vali ya zamani ilipokuwa imeganda, hewa ya pampu ilijipenyeza, hata kama hakuna ombwe lililokuja kuifungua. Kasoro ya ombwe ilikuwa imejificha nyuma ya kasoro ya vali. Tulipoiponya ya kwanza, ya pili ikajitokeza. Kwa mtazamaji asiyejua, tulikuwa hatujapiga hatua hata moja, pengine tumerudi nyuma. Kwa kweli tulikuwa tumebakiza kipande kidogo tu cha njia, na kila kilichosalia kingeweza kupimwa injini ikiwa imezimwa.

Alichukua pampu ndogo ya mkono yenye saa ya kipimo, akaiunganisha na vali. Ombwe likaifungua, nayo ikakaa wazi, vali ikaachiliwa. Akaipa vali ndogo ya umeme nguvu ya betri, ikalia "tak". Nayo ikaachiliwa. Kilichobaki ni kijibomba cha plastiki kinachopita juu ya injini na kuinama nyuma yake, pasipofikiwa na jicho. Akaziba ncha moja, akavuta ombwe katika ncha nyingine. Mshale wa kipimo ukapanda, ukatetemeka, ukarudi sifuri polepole. Alipojaribu kukichomoa, kilimkatikia mkononi mara tatu, kikavu kama tambi isiyopikwa. Joto la zaidi ya miaka ishirini lilikuwa limekichoma. Ufa wenyewe, tulipoupata, ulikuwa mwembamba kuliko unywele, upande wa chini wa kona.

Wakili aliuliza bei yake. Mjomba alimjibu kwamba mpira wa kuchukua nafasi yake ulikuwa tayari kwenye droo, nao haukuzidi bei ya vikombe viwili vya chai.

Ilibidi tungoje hadi asubuhi ya tatu. Injini ilipowaka, namba ilianzia 0.7, kihisi kikapata joto, kisha ikaanguka: 0.4, 0.2, 0.1, ikatulia hapo. Sekunde kadhaa baadaye pampu ilizimika, vali ikafunga, namba ikapanda tena na kuanza kuchezacheza kama ilivyo ada yake. Nilimsomea Mjomba kila tarakimu kwa sauti, naye alikuwa amefumba macho akisikiliza. Tuliufuta msimbo. Kompyuta yenyewe hairidhiki kwa jaribio moja. Hupima tena asubuhi nyingine kadhaa kabla ya kusema mtambo ni mzima, na katika siku hizo nilikuwa nikikiangalia kila kiingiacho langoni, nikihofia kuona rangi ya gari lile.

Halikuja hadi Oktoba. Taa ilikuwa imezimika. Wakili alilipa ufundi wote, akaomba risiti ichanganuliwe, na akataka iandikwe Kiswahili kwa kuwa, alisema, zile za Kiingereza alizozipata mwanzo hakuzielewa hata yeye. Kazi hiyo ikaangukia Profesa. Niliandika: pampu ya hewa ya pili, moja; vali ya njia moja, moja; mpira wa ombwe, sentimita sitini; ufundi, asubuhi tatu. Aliusoma mstari wa tatu mara mbili, akauliza kama hilo ni ombwe lile la magazetini. Mjomba alimwambia kuwa ndilo, ila hili la kwake limezibwa.